Wadogo zangu, valise si mganga

Valise, hii mashine ya kusoma makosa ya gari, imewaroga. Gari inaingia garajini ikikohoa, na kabla kapo (boneti) haijafunguliwa mmoja wenu ameshachomeka, ameshasoma kodi ya kosa P0087, na anatangaza: “Papa, pompe ya mafuta imekufa.” Papa wa watu hata mkanda hajafungua! Nimesikia sentensi hiyo mara nyingi mno, basi kaeni tuongee.

1. Tafuta kwanza kama gari ina kapta (kihisi) ya presha ya mafuta. RAV4 na Noah nyingi za esansi (petroli) tunazopokea hapa Goma, zile ambazo enjekta hupuliza mafuta kwenye njia ya hewa, hazina kapta kwenye reli ya mafuta, lile bomba linalolisha enjekta. Ukitafuta presha kwenye valise hutaiona, na valise haijaharibika, acha kuipigapiga. Funga manometa, kile kipimo cha presha chenye mshale, utafute bar 3 na kidogo. Ukizima moteri, mshale usianguke papo hapo.

2. Kwenye gari za mazutu (dizeli) zenye komoni reli, yaani reli ya presha kubwa, soma namba mbili pamoja: presha ambayo kompyuta inaitaka na presha iliyopo. Moteri ikiwa imelala muda, presha iliyopo iwe karibu na sifuri. Ikiwa sivyo, kapta inakudanganya. Na MPa 1 ni bar 10, tafadhali. Kuna mmoja wenu, simtaji, aliona 32 kwenye Hilux akataka kushusha pompe, kumbe hiyo ni bar 320, na moteri ilikuwa inanguruma taratibu bila shida yoyote.

3. P0087 inasema presha ya reli iko chini. Haisemi nani ameila. Inaweza kuwa filtri, hewa inayoingia kwenye mpira, enjekta inayorudisha mafuta mengi, vali ya pompe, au tanki lenyewe.

Hii nililipia. Papa mmoja alikuwa anateremsha maharagwe kutoka Masisi kwa Hilux yake. Gari ikiwa imesimama, namba zote mbili zilikwenda pamoja, vizuri kabisa. Mlimani ndipo ilipokosa pumzi. Mimi niliona kodi ileile ya P0087, nikasema pompe, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma. Papa akakopa kwa shemeji yake. Nikafunga pompe, nikawasha palepale uwanjani, namba zikawa nzuri (zilikuwa nzuri tangu mwanzo, lakini nani alikuwa anafikiri?), tukapeana mikono. Ikavuka Sake, ikagoma kwenye mlima uleule.

Patron wangu hakugombana. Alichukua bidon (dumu) ya mazutu safi, akatoa mipira kwenye tanki, akaingiza wa kuvuta na wa kurudisha ndani ya bidon, akaifunga nyuma, akanipa valise niketi pembeni yake. Tukapanda. Presha ikaifuata ile inayotakiwa bila kubaki nyuma. Tulipofungua tanki, chujio lilikuwa limezibwa na uchafu wa bidon za kadafi, wale wauza mafuta wa barabarani.

Papa akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniua: “Kijana, pompe yangu ya zamani iko wapi?” Nilikuwa nimeshaiuza. Ilikuwa kwenye Hilux ya mtu mwingine, ikifanya kazi kama mpya. Sikulipwa mshahara muda mrefu, na shemeji wa papa aliendelea kupita garajini kila Jumamosi kuniangalia tu.

4. Kwa hiyo jaribu gari ikiwa na mzigo, mwenzako akiendesha, wewe ukisoma. Na chukua bidon kabla ya kuchukua pesa ya mtu.

5. Usilegeze bomba la presha kubwa moteri ikiwaka, hata robo mzunguko. Mazutu yanapenya ngozi na kubaki ndani ya nyama. Kitundu kikiwa kidogo na hakiumi, bado ni hospitali siku hiyohiyo. Na wewe unayetaka kuuliza kama glavu zinatosha: hazitoshi.