Maswali ya Wasomaji: Kadeti na Ratiba ya Shahada

Barua za safari hii zote zinahusu ROTC, mpango wa Marekani unaomwandaa mwanafunzi wa chuo kuwa ofisa wa jeshi huku akisoma shahada yake kama wenzake. Mpango wenyewe ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1916. Kinachowatoa jasho wasomaji wetu ni karatasi moja: Fomu 104-R, ambamo kadeti (mwanafunzi aliye kwenye mpango huo) wa Jeshi la Nchi Kavu huandika kila kozi atakayosoma, muhula kwa muhula, hadi siku ya kuhitimu.

SWALI: Shikamooni. Nimeanza mwaka wa kwanza wa uhandisi wa mitambo na nimepewa 104-R niijaze hadi muhula wa nane. Hata muhula ujao sijui nitasoma nini. Wenzangu wanasema nijaze tu chochote, nitarekebisha mbele ya safari. Nifanyeje?
*Kadeti wa mwaka wa kwanza*

JIBU: Marahaba. Usijaze chochote. Fomu hiyo unaisaini wewe, mshauri wa masomo wa idara yako, na ofisa wa ROTC. Mwaka wa kuhitimu ulioandika humo ndio mwaka ambao jeshi linakutarajia upokee kamisheni, yaani cheo cha uofisa. Kama una ufadhili, ni humohumo wanapoangalia iwapo kozi inayolipiwa ni ya shahada yako au umeichukua kwa kupenda tu. Kurekebisha kunaruhusiwa, na fomu hupitiwa upya kila muhula, ila kurekebisha mpango uliofikiriwa ni kazi ya dakika kumi. Kurekebisha porojo ni kuanza upya.

Anza kupanga kutoka mwisho kurudi mwanzo. Chukua katalogi ya chuo ya mwaka ulioingia, si ya mwaka huu mpya wala ya rafiki yako aliyekutangulia, kwa sababu kwa kawaida mahitaji ya shahada yanakufunga kwa katalogi uliyoingia nayo. Kisha piga wino mweusi juu ya likizo ya kiangazi kati ya mwaka wa tatu na wa nne. Hiyo si yako tena. Ni ya Kambi ya Juu, mafunzo ya lazima ya makadeti kule Fort Knox, Kentucky, ambayo huchukua wiki tano hivi. Makadeti huingia kambini kwa mafungu, wengine mapema kiangazi na wengine baadaye, kwa hiyo usipange kozi ya likizo wala mafunzo ya kazini kabla hujapewa tarehe yako.

Baada ya hapo tafuta kozi zinazofundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiikosa moja, hungoji muhula mmoja, unangoja miwili. Ziandike kwanza kwenye mihula yake. Zinazotolewa kila muhula zitajibana penye nafasi.

Sasa mnyororo wenyewe. Kwenye uhandisi wa mitambo, kozi moja ni sharti la nyingine, na kwa vyuo vingi unakwenda hivi: kalkulasi ya kwanza, halafu fizikia ya mekanika, halafu statiki, halafu dainamiki, halafu mekanika ya vimiminika, halafu uhamisho wa joto, halafu mradi wa mwisho sehemu ya kwanza, halafu sehemu ya pili. Hesabu: pete nane kwa mihula minane. Hakuna nafasi hata moja ya kuteleza. Ikiwa mtihani wa kupima hesabu umekuweka kwenye somo la kabla ya kalkulasi, basi umeshachelewa muhula mmoja kabla hujafungua daftari, na wa kukukomboa ni kiangazi cha kwanza au cha pili. Cha tatu tumeshakipiga wino. Kamba hukatikia pembamba, na kwa mhandisi kadeti pembamba ni hapo penye kalkulasi.

Jumlisha na krediti, yaani vipimo vya uzito wa kila kozi. Tuseme shahada yako inadai krediti 128. Masomo ya kijeshi ya miaka minne, kwa mfano, yawe krediti 1 na 1 mwaka wa kwanza, 2 na 2 wa pili, 3 na 3 wa tatu, 3 na 3 wa nne: jumla 18. Muulize mshauri wako swali moja kwa maandishi: idara inakubali ngapi kati ya hizo zihesabiwe kwenye shahada? Ikisema 6, zile 12 zilizobaki ni mzigo wa juu. Utasoma krediti 140, yaani wastani wa 17.5 kila muhula, wakati vyuo vingi vinadai ruhusa maalumu ukivuka 18. Ukisoma kozi mbili za krediti 4 kila moja kiangazi cha kwanza, zinabaki 132, na wastani unashuka hadi 16.5. Huo mtu anauweza.

Kuna somo la historia ya kijeshi ambalo lazima ulimalize kabla ya kamisheni. Mara nyingi linafundishwa na idara ya historia, na chuo kinaweza kulihesabu pia kama moja ya masomo ya sanaa yanayodaiwa na kila shahada. Ulizia hilo kabla hujajiandikisha somo jingine la sanaa usilolihitaji.

Wiki nayo ina mitego yake. Mazoezi ya viungo ni alfajiri, kwa kawaida siku tatu kwa wiki, na kuna kipindi cha vitendo vya uongozi mara moja kwa wiki, mara nyingi alasiri na kwa saa kadhaa. Kinachogongana nacho hasa ni maabara za fizikia na kemia, kwa sababu nazo hupangwa alasiri. Jua siku ya kipindi hicho kwanza, ndipo uchague mkondo wa maabara. Wanaofanya kinyume ndio wanaozunguka ofisini wiki ya pili wakiomba kuhamishwa wakati mikondo yote imejaa.

Neno la mwisho kwako. Wanafunzi wa kawaida huuogopa mwaka wa nne. Kwa kadeti mwaka mzito ni wa tatu: masomo ya kijeshi yanapanda, unajiandaa na kambi, na GPA yako (wastani wa alama zako) hadi mwisho wa mwaka huo inaingia kwenye orodha ya ushindani inayoamua nani anapata utumishi wa kudumu na nani anakwenda Gadi ya Taifa au Jeshi la Akiba, na tawi gani. Ukiweza kusukuma kozi moja ngumu hadi muhula wa saba bila kukata mnyororo, isukume.

SWALI: Nina ufadhili wa miaka minne. Kalkulasi ya pili inanielemea, na nataka kuiacha kabla ya mtihani wa mwisho. Muhula huu nina krediti 14. Kuna ubaya?
*Kadeti mwenye ufadhili*

JIBU: Upo, na uko kwenye hesabu yako mwenyewe. Kozi hiyo kwa kawaida ni ya krediti 4. Ukiiacha unabaki na 10, na mwanafunzi wa muda wote anahitaji walau 12. Ukishuka chini ya hapo umevunja sharti la mkataba: ufadhili unaweza kusimamishwa, na posho ya dola 420 kwa mwezi pamoja nao.

Kwa hiyo usibonyeze chochote kwenye mtandao wa chuo usiku wa manane. Fuata utaratibu huu kesho asubuhi. Kwanza, muulize mwalimu wa somo alama unazohitaji kwenye mtihani wa mwisho ili upate C. Wengi huacha kozi ambayo hesabu inaonyesha wangeipita. Pili, angalia kama kuna kozi za nusu muhula ambazo bado zinaandikisha; moja ya krediti 2 ingekurudisha 12, lakini iwe ya shahada yako, maana kozi iliyo nje ya mpango ufadhili hauna wajibu wa kuilipa. Tatu, nenda kwa ofisa wa ROTC *kabla* ya kuacha, na uende na 104-R mpya inayoonyesha kozi hiyo utairudia lini na pete zinazoifuata zimehamia wapi. Ofisa anayeletewa tatizo pamoja na mpango ana kitu cha kutetea mbele ya wakubwa wake. Anayegundua tatizo kwenye ripoti ya msajili hana.

Na ukirudia, fahamu kwamba gharama ya marudio huenda ikakuangukia wewe. Uliza hilo siku hiyohiyo.

SWALI: Ninahamia chuo kikuu kutoka chuo cha miaka miwili nikiwa na krediti 60. Shahada ni 120. Nimebakiza nusu, si ndiyo? Nitamaliza ROTC kwa miaka miwili?
*Anayehamia*

JIBU: ROTC ya miaka miwili inawezekana. Anayejiunga akiwa mwaka wa tatu hufidia masomo ya miaka miwili ya kwanza kwa kwenda Kambi ya Msingi, nayo iko Fort Knox, kiangazi kabla ya kuanza. Aliyekwisha kupitia mafunzo ya awali ya askari anaweza kupewa nafasi hiyo bila kambi.

Krediti ndiyo habari nyingine. Kupokelewa si kuhesabiwa. Chuo kinaweza kuzipokea zote 60 kwenye rekodi, lakini idara ikahesabu 48 tu kuelekea shahada yako, nyingine zikakaa kama mapambo. Hapo umebakiza 72, sawa na 18 kila muhula kwa mihula minne, na bado hujaweka masomo ya kijeshi ambayo idara haiyatambui. Usisaini mkataba wowote wa jeshi kabla hujapata ripoti ya chuo inayoonyesha kozi kwa kozi imejaza pengo lipi.

Hatari ya upande wa pili haizungumzwi sana: krediti zikiwa nyingi mno. Ukibakiza mihula mitatu, haitoshi, kwa sababu sehemu ya juu ya ROTC, yaani miaka miwili ya mwisho, ni mihula minne na kambi katikati. Wenye hali hiyo huongeza fani ya pili, au huhitimu na kufanya ROTC wakisoma shahada ya uzamili.

SWALI: Nasoma sayansi ya siasa kwa ufadhili wa ROTC ya Jeshi la Majini. Naambiwa lazima nisome kalkulasi. Wananitania?
*Mwanasiasa mtarajiwa*

JIBU: Hawakutanii. Mwenye ufadhili wa upande wa majini, hata akisoma ushairi, anadaiwa mihula miwili ya kalkulasi kabla ya mwisho wa mwaka wa pili, na mihula miwili ya fizikia inayotumia kalkulasi kabla ya mwisho wa mwaka wa tatu. Wanaokwenda upande wa Marine, askari wa majini wanaopigana nchi kavu, hawabanwi na sharti hilo. Panga kalkulasi mwaka wa kwanza, fizikia wa pili, ili mwaka wa tatu ubaki kama akiba ya kurudia. Anayeiacha fizikia hadi mwaka wa tatu hana pa kurudia.

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu ana miaka 17, ana green card (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani), na ameingia chuo. Anataka kuwa ofisa. Aanze sasa au asubiri uraia?
*Mzazi*

JIBU: Salama, mzazi mwenzetu. Aanze na masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili, ambayo anaweza kuhudhuria bila mkataba. Kusaini mkataba na kupokea kamisheni kunahitaji uraia wa Marekani, na sehemu ya juu haianzi bila mkataba. Kwa hiyo kwenye ratiba yake andikeni uraia kama kozi, na mwisho wake uwe kabla ya mwaka wa tatu.

Angalia pia upande wako. Ukiapishwa kuwa raia kabla hajatimiza miaka 18, naye akiwa na green card na anaishi nawe chini ya ulezi wako, anakuwa raia papo hapo kwa sheria. Mkatieni pasipoti mapema iwe ushahidi. Akishavuka 18 ataomba mwenyewe, na kwa kawaida hungojea miaka mitano ya ukaazi wa kudumu, ingawa maombi hupokelewa siku 90 kabla haijatimia.

SWALI: Nipo muhula wa nane. Ripoti ya chuo inaonyesha nimepungukiwa kozi moja ya krediti 3. Sherehe ya kamisheni ni mwezi ujao na ndugu wameshakata tiketi.
*Aliyechanganyikiwa*

JIBU: Bila shahada hakuna kamisheni, hata kama mavazi yameshapigwa pasi. Lakini kwanza hakikisha pengo ni la kweli. Mara nyingi kozi ipo, ila mfumo umeipeleka kwenye fungu lisilo lake, au ya chuo ulichotoka haijalinganishwa na ya hapa. Mshauri wa masomo hulimaliza hilo kwa fomu ya kubadilisha kozi yenye saini ya mkuu wa idara. Ipeleke mwenyewe kwa msajili, na usiondoke bila nakala yenye mhuri.

Ikiwa pengo ni la kweli, tafuta kozi hiyo kwenye kipindi cha kwanza cha kiangazi, andika 104-R mpya, na umweleze ofisa wako leo kwamba tarehe ya kuhitimu imesogea. Kamisheni itasogea nayo, na nafasi yako kwenye kozi ya maofisa wapya inaweza kusogezwa pia. Vyuo vingi huruhusu mwenye upungufu mdogo kupanda jukwaani pamoja na wenzake, kwa hiyo waambie ndugu waje. Ila wajue watakachokiona ni joho, si cheo begani.