Fundi Anajibu: Nataka kuinua Hilux mwenyewe nyumbani

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, nina Hilux pikapu ya zamani, ile yenye springi za leafu (zile bapa za chuma zilizopangana) mbele na nyuma, nabebea mizinga na asali kutoka porini upande wa Bahi. Mvua zikianza inalala tumbo kwenye tope jeusi la mbuga, kwahiyo nataka niinue inchi 2. Mashine ya kuchomelea ninayo, grenda ninayo, na nimenunua vipande vya springi za fuso kwa mtu wa skrepa. Nimepanga kuchomelea kipande juu ya leafu kubwa ili ipande, alafu nitengeneze shakeli ndefu, kile kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chasisi. Nifanyeje isije ikakatika?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la kuchomelea leafu maana ndo limenifanya nichukue barua yako kabla ya zingine zote: usifanye, hata stiki ya kuchomelea iwe nzuri vipi na mkono wako uwe mzuri vipi. Chuma cha springi kiwandani kinapashwa moto kama nyuzi 850 hivi, kinazamishwa kwenye oili kinakaza, kisha kinapashwa tena moto mdogo ili kiweze kupinda na kurudi, sasa ukikigusa na stiki ile sehemu inaiva ghafla na inapoa ghafla kwasababu chuma kilichobaki cha baridi kinanyonya moto wote, unabaki na kipande kigumu kama kioo na pembeni yake kipande kilicholegea.

Nilifanya hivo nikiwa kijana kwenye Land Rover 109. Tunatoka Mvumi, tunashuka korongo la mchanga polepole kabisa, nikasikia pa! usukani ukavuta kulia wenyewe na ekseli ya mbele ikarudi nyuma upande mmoja mpaka tairi ikasugua bodi. Nyuma tulikuwa na mama ana mtoto mgongoni. Nilipoingia chini nikakuta weldi yangu nzima kabisa, leafu imekatika pembeni yake karibu upana wa kidole, na pale palipokatika panameremeta punjepunje kama chumvi ya mawe. Ingekuwa lami, mwendo wa 80, sijui. Mpaka leo nikiona leafu imechomelewa siwashi gari ya mtu.

Sasa kabla hujanunua hata bolti moja, ingia chini ya gari uangalie tope limesugua wapi. Kama ni kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, basi springi haitakusaidia, maana difu imekaa kwenye ekseli na springi inainua chasisi na bodi tu, difu inabaki palepale. Kinachoinua difu ni tairi, na tairi ikiongezeka inchi 2 kwa kimo chote difu inapanda inchi 1. Kama ni chasisi au boksi ya gia ndo imelala, hapo springi ina maana.

Shakeli nayo ina hesabu ambayo wengi wanaikosea. Iko upande mmoja tu wa springi, kwahiyo ukiirefusha inchi 2 gari inapanda kama inchi 1. Wewe kupata 2 unahitaji kurefusha 4, hiyo inayumba kushoto kulia na ekseli inazungushwa mpaka pembe ya usukani inaharibika. Ongeza inchi 1 basi, bapa nene la milimita 10, matundu toboa kwa drili usitoboe kwa moto, na katikati ya bapa mbili weka bolti yenye bomba la kuzishika pamoja.

Upinde wenyewe wa kuinua gari uupate kwa leafu nzima ya upana uleule wa zako, vile vya fuso vipime kwanza maana naamini vitakuwa vipana, peleka kwa fundi wa kupiga springi aipinde ikiwa baridi, iingie chini ya leafu kubwa. Kuifupisha tumia grenda taratibu na maji. Ujue tu ikiwa tupu gari itakuwa ngumu, utarushwa. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, nunua mpya, za zamani zimeshavutika, na uzikaze tena baada ya safari ya kwanza. Vile vibloku vya kuinulia, vinavyowekwa kati ya ekseli na springi, mbele usiweke kabisa.

Alafu breki. Inua chasisi kwa jeki mpaka tairi zining'inie, uangalie mpira wa breki: ukikaza kama uzi wa gitaa unahitaji mrefu zaidi. Hapohapo chukua futi upime shokapu jicho kwa jicho ikiwa imevutika mwisho, kisha shusha gari, mzigo uwe juu, upime tena. Ukitutumia hizo namba, mbili za mbele na mbili za nyuma, toleo lijalo nitakwambia utafute shokapu ya urefu gani.