Kabla hujaongeza thredi kwenye seva

Seva inayoendeshwa na matukio, yaani ile inayohudumia wateja wengi kwa zamu kila data ya mmoja inapofika, ikianza kuzubaa, utasikia tu: ongeza thredi, yaani njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja. Mimi kwanza hufungua top -H, amri ya Linux inayoonyesha kila thredi na CPU inayokula. Ikiwa thredi yenye mzunguko wa matukio (ule unaopokea matukio na kuyahudumia moja moja) iko asilimia 100 huku kori nyingine za CPU zimelala, haya, tuzungumze. Ikiwa inakula asilimia 5 na wateja bado wananung'unika, kuna mahali imesimama ikisubiri kitu, mara nyingi diski au hifadhidata, na hicho ndicho cha kutafuta.

Kazi ya kusubiri na kazi ya kukokotoa hazina dawa moja. Chukua Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva. JavaScript yako inakwenda kwenye thredi moja, lakini chini yake maktaba ya libuv kwa kawaida imeweka thredi 4 za kusaidia, na humo ndimo unamopita usomaji wa faili na ukokotoaji wa nywila kwa pbkdf2, hesabu nzito ya makusudi ya kulinda nywila. Watu wakiingia kwenye mfumo kwa mkupuo asubuhi, nywila nne tu zinatosha kuzishika zote, na kafaili ka kilobaiti mbili kanakaa foleni. Unaweza kupandisha UV_THREADPOOL_SIZE, mpangilio wa idadi ya thredi hizo. Kama thredi hizo zilikuwa zinasubiri diski, utapata nafuu. Kama zinakokotoa na mashine ina kori nne, umeongeza msongamano tu. Nginx, seva ya wavuti, nayo ilikaa miaka bila thredi za namna hii, ikaziongeza mwaka 2015 kwa ajili ya kusoma faili, maana diski ikichelewa mchakato mzima ulisimama pamoja na wateja wake wote.

Mzigo ukiwa kweli ni wa CPU, nashauri jambo lilelile kila mara: muunganisho uwe na thredi moja inayoumiliki, tangu unafunguliwa hadi unafungwa. Memcached, seva inayohifadhi data kwenye RAM, ndivyo inavyofanya. Thredi kuu inampokea mteja, inamkabidhi kwa mojawapo ya thredi za kazi, kila moja ikiwa na mzunguko wake, na nyingine haigusi soketi ile, yaani ncha ya muunganisho ambayo programu husomea na kuandikia.

Ukiziacha thredi mbili zishike soketi moja, subiri hili. Thredi A inafunga soketi namba 17 kwa sababu mteja kaondoka. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, hugawa namba ndogo kuliko zote iliyo wazi, kwa hiyo mteja mpya anapewa 17 hiyohiyo. Thredi B, ambayo bado ina jibu la yule aliyeondoka, inaliandika kwenye 17. Mteja mpya anaona salio la mtu mwingine, na kwenye logi hakuna kosa lolote, kwani uandishi umefaulu! Kufuli, linaloruhusu thredi moja tu kwa wakati, peke yake haliponyi hili. B itasubiri zamu yake kwa adabu kisha iandike pasipo pake.

Basi thredi ya pembeni, isiyomiliki muunganisho, isiandike kwenye soketi kabisa. Iweke jibu kwenye foleni ya thredi inayomiliki muunganisho, iiamshe kwa eventfd, kengele ya Linux ya kuamsha thredi, na hiyo inayomiliki ndiyo iandike. Jibu libebe kitambulisho ulichokitoa wewe, kaunta isiyorudia namba, si namba ya soketi. Kitambulisho kisipokuwepo tena, jibu linatupwa. Foleni ya kazi za pembeni nayo iwekee kikomo, la sivyo siku hifadhidata ikizubaa itameza RAM yote kabla simu ya kwanza ya malalamiko haijapigwa.