Mishahara ya Norway: kabla ya kuuliza kazi gani inalipa, ulizia asilimia ya ajira

Wadau, habari zenu. Kijana aliyefungua uzi huu ana diploma ya uuguzi, yuko Morogoro, na ameuliza mambo mawili: Norway kazi gani inalipa zaidi, na je ni kweli mfanya usafi wa huku anampita daktari wa kwetu kwa mshahara. Waliojibu kabla yangu wamemwekea orodha za mishahara zilizogeuzwa kuwa shilingi, na naona wengine wameshaanza kuulizia nauli. Mimi naishi Bergen, hapa Norway. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee ya manispaa, ambayo huku wote tunaiita kommune, na kabla ya hapo nilikuwa nasafisha ofisi. Najibu kwa urefu kwa sababu namba zilizowekwa hapa ni za kweli, lakini mtu akizitegemea peke yake ataamua vibaya.

Nianze na mfanya usafi. Norway haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kwa kazi zote. Mishahara inatokana na mikataba ya hali bora kati ya vyama vya wafanyakazi na vya waajiri. Kwenye sekta zenye wageni wengi, ambako mtu anaweza kunyonywa kirahisi, kuna sheria ya mwaka 1993 inayoruhusu kiwango cha mkataba kiwabane waajiri wote, hata ambao hawakusaini. Ndivyo ilivyo kwenye ujenzi, viwanda vya samaki na kilimo, kwenye usafi tangu 2011, na kwenye hoteli na migahawa tangu 2018. Kwa usafi kiwango hicho kimeshavuka kroner 220 kwa saa. Tuchukue 230 ili hesabu iende vizuri. Wiki kamili kwenye mikataba mingi ni saa 37 na nusu, sawa na saa 162 na nusu kwa mwezi. Unapata kroner 37,000 na ushee. Krone moja inachezea kwenye shilingi 240 za Tanzania, kwa hiyo hapo ni karibu milioni 9. Orodha za wenzangu zinaishia hapa.

Sasa tuendelee. Kodi na mchango wa hifadhi ya jamii vitakula kama moja ya tano, ubaki na kroner 29,000 hivi mkononi. Nyumba ndogo ya chumba na sebule hapa Bergen ni kuanzia kroner 11,000 hadi 14,000, na Oslo ni zaidi ya hapo. Weka umeme wa majira ya baridi, basi, simu, chakula, na nguo za mvua, maana mji huu unanyesha kwelikweli. Mtu asiye na watoto, mwenye ajira kamili, anaishi kwa heshima na kila mwezi anatuma kitu nyumbani. Nimesema mwenye ajira kamili, na hapo ndipo penye mzizi wa jambo lote.

Huku kila kazi inatangazwa na asilimia yake. Unaona tangazo la msaidizi wa wagonjwa, asilimia 50. Mfanya usafi, asilimia 30. Kuna ajira za asilimia 15 hivi, ambazo maana yake ni kufanya kazi wikiendi moja katika kila tatu, basi. Na takwimu za taifa za mshahara wa mwezi, zile zinazonukuliwa mitandaoni, huhesabiwa kana kwamba kila mtu anafanya saa kamili. Wastani wa mwaka 2024 ulikuwa kama kroner 59,000 kwa mwezi. Mwenye asilimia 40 ameingizwa mle kwa kukuzwa hadi 100, ilhali akaunti yake ya benki haijakuzwa na mtu.

Rudia hesabu ya mfanya usafi kwa asilimia 50. Ni kroner 18,700 kabla ya kodi. Kodi yake ni ndogo, kama asilimia 10, kwa hiyo anabaki na 16,800. Toa pango la 11,000. Zinazobaki ndizo za kula, kusafiri, kulipa umeme na kutuma kwa mama. Watu wawili wenye kazi ileile, saa yao ina bei ileile, mmoja anajenga kwao na mwenzake anakopa. Nimewaona wote wawili kwa macho yangu, tena kwenye jengo moja.

Na kazi zenye ajira nyingi za vipande ndizo hizi tunazoingia sisi: usafi, hoteli, maduka, na kulea wazee na wagonjwa. Mwanzoni unaishi kwa simu. Ujumbe unaingia asubuhi kwamba kuna zamu imeachwa wazi, mnajibu kumi, anapata mmoja. Nilianza kwenye nyumba ya wazee kwa asilimia 20 na nilikuwa nalala simu iko mkononi. Kilichonitoa hapo ni kuijua sheria ya kazi. Sheria yao inasema kwamba kama kwa miezi 12 mfululizo umekuwa ukifanya saa zaidi ya zilizo kwenye mkataba wako, na ni jambo la kawaida, si la dharura moja, una haki ya kudai ajira inayolingana na saa ulizofanya kweli. Inasema pia kwamba mwajiri, kabla ya kuajiri mtu mpya, ampe kipaumbele mfanyakazi wa saa pungufu anayetaka kuongezewa. Hakuna atakayekuja kukukumbusha. Andika saa zako zote, tunza ratiba za zamu, jiunge na chama cha wafanyakazi siku ya kwanza, na mjue mwakilishi wa chama kazini kwako kwa jina. Mama mmoja Mkongo, aliyekuja na watoto wake kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, tulikaa naye mezani tukajumlisha saa zake za mwaka mzima, akaenda na karatasi yake kwa mwakilishi. Alikuwa na asilimia 40, akatoka na 75. Mshahara wake wa saa haukuongezeka hata krone moja, lakini maisha yake yalibadilika.

Nije kwenye swali la kazi inayolipa zaidi. Jibu la haraka ni mafuta. Hifadhi ya mafuta ya Ekofisk, iliyo chini ya bahari, iligunduliwa mwaka 1969, na tangu hapo wahandisi na mafundi wa baharini wamekuwa juu. Wa mitamboni wanakaa wiki mbili kazini na wiki nne nyumbani, na wanalipwa vizuri sana. Wakurugenzi, wanasheria na watu wa fedha nao wako huko juu. Daktari bingwa anazungukia kroner 100,000 kwa mwezi, muuguzi yuko kwenye 50,000 na kitu, mwalimu wa shule ya msingi hayuko mbali na muuguzi, na mhudumu wa afya mwenye cheti cha ufundi yuko katikati ya muuguzi na mfanya usafi.

Zitazame hizo namba tena. Kutoka kwa mfanya usafi hadi kwa daktari bingwa, tofauti haifiki mara tatu. Na kodi ikipita, inapungua zaidi. Kwa hesabu niliyoipiga kwa viwango vya 2025, daktari mwenye 100,000 anakatwa kama theluthi na kubaki na 66,000 hivi. Gawanya kwa 29,000 za mfanya usafi, unapata mara mbili na robo. Kwetu mfagizi wa hospitali na daktari bingwa wa hospitali hiyohiyo hawakai kwenye sentensi moja. Huku nimeshakaa kwenye kikao cha wazazi na daktari upande huu na dereva wa basi upande ule, na watoto wao wamevaa koti la duka lilelile. Jambo hili nalipenda kwa moyo wote na sioni haya kulisema.

Haikuja kwa wema wa matajiri. Kila majira ya kuchipua, viwanda vinavyouza nje ndivyo vinavyokaa mezani kwanza. Wakikubaliana nyongeza, asilimia hiyo inakuwa kipimo kwa karibu kila mtu, kuanzia walimu hadi mabenki. Mwaka 2023 ilikuwa 5.2, 2024 ikawa 5.2 tena, 2025 ikawa 4.4. Aprili 2023 mazungumzo yalivunjika, shirikisho la vyama LO likaitisha mgomo, na baada ya siku nne waajiri wa NHO wakarudi na nyongeza iliyokubalika. Karibu nusu ya wafanyakazi wa nchi hii ni wanachama wa vyama. Mara nyingi pia kunakuwa na nyongeza ya pekee kwa wanaolipwa kidogo, ili asilimia isiwaache nyuma. Na mapato si siri: kila mwaka mamlaka ya kodi inatoa taarifa za kila mlipakodi, mapato na mali, na ukijisajili unaweza kumtafuta jirani yako. Tangu 2014 jirani naye anaona kwamba umemtafuta, kwa hiyo udadisi umepoa.

Basi kama ngazi ni fupi hivyo, mtu anapandaje? Kwa watu kama sisi, kupanda kwenyewe ni cheti cha ufundi, wanakiita fagbrev. Kijana wa hapa anakipata kwa miaka miwili ya shule na miwili ya kujifunza kazini. Mtu mzima anaweza kuingia kwa njia ya uzoefu: miaka mitano ya kazi hiyo, mtihani wa nadharia, kisha mtihani wa vitendo. Nilikifanyia mtihani wa uhudumu wa afya kwa Kinorwe changu cha kuungaunga, usiku nasoma, alfajiri niko zamu. Kwenye kommune mshahara unaenda kwa makundi: wasio na cheti, wenye fagbrev, wenye shahada ya miaka mitatu, na kuendelea, na ndani ya kila kundi unapanda kwa miaka ya utumishi hadi 16. Waliofanya kazi serikalini Tanzania watauelewa mpango huu upesi.

Hapa kuna kitu wengi hawakijui na kinawapotezea pesa. Miaka ya kazi uliyofanya kabla ya kuajiriwa, hata nje ya nchi, inaweza kuhesabiwa ukiwa na uthibitisho. Kwa ajira zisizodai elimu maalumu, utumishi wa nyuma unahesabika kwa upana; kwa zenye cheti wanaangalia kama kazi ile inahusiana. Hata kulea watoto au kumuuguza mzazi nyumbani kunaweza kuhesabiwa hadi miaka mitatu. Unatakiwa uwe na barua yenye tarehe za kuanza na kumaliza, cheo, na asilimia ya kazi. Barua ya kusema ulikuwa mtumishi mwaminifu na mchapakazi haina wanachoweza kuhesabu.

Zamu nazo. Nyumba ya wazee haifungwi, kwa hiyo jioni, usiku na wikiendi zina nyongeza. Sikukuu kama Krismasi na Pasaka, saa moja inakuletea mshahara wako wa kawaida na juu yake zaidi ya mara moja tena. Muda wa ziada kisheria ni angalau asilimia 40 juu. Ndiyo maana utamkuta mhudumu mwenye zamu ngumu anakaribia mwalimu wa mchana tu. Ila mgongo unalipa, na watoto wanalala bila kukuona. Liwekeni kwenye hesabu.

Mwaka wa kwanza una mtego wa Juni. Pesa ya likizo hulipwa Juni kutokana na ulichopata mwaka uliotangulia, asilimia 10.2 kisheria na 12 kwa wenye mkataba wa hali bora. Kama mwaka jana hukuwa na kazi Norway, likizo unapewa lakini pesa hakuna. Weka akiba mapema. Na kabla ya mshahara wa kwanza hakikisha una kadi ya kodi, kwa sababu bila hiyo mwajiri analazimika kukukata nusu nzima. Inarudishwa baadaye, lakini mwenye nyumba hasubiri.

Sasa kijana wa Morogoro, nakujibu wewe. Kazi ya usafi haitakuleta huku. Kwa mtu wa nje ya Ulaya, kibali cha kazi kinatolewa kwa ujuzi unaotambuliwa na mwajiri aliyekwisha kukuahidi kazi. Wengi wetu tunaofanya kazi hizi tulikuja kwa ndoa, kwa ukimbizi, au kwa masomo, na masomo nayo kwenye vyuo vya umma yana ada kwa wasio wa Ulaya tangu 2023. Anayekwambia amekupatia kibali cha kufagia hoteli anataka pesa yako.

Njia yako ni uuguzi wenyewe, na ni ndefu. Leseni inatoka kwa kurugenzi ya afya, Helsedirektoratet. Mwuguzi aliyesoma nje ya Ulaya watampima elimu yake kwanza, halafu kuna Kinorwe cha kiwango cha B2, yaani cha kuongea na kuandika bila shida kubwa, kozi ya mfumo wa afya wa nchi, kozi ya matumizi ya dawa, na mtihani wa taaluma. Diploma inaweza kuonekana pungufu ukilinganisha na shahada yao ya miaka mitatu, kwa hiyo kama una nafasi ya kuongeza shahada hapo nyumbani, ongeza kabla hujatuma maombi. Omba chuoni mtaala wenye saa za nadharia na za vitendo kwa kila somo, na hospitali ulizofanyia kazi zikupe barua zenye tarehe. Kinorwe anza sasa hivi kwa masomo ya bure ya intaneti. Nusu saa kila siku inatosha kuanzia.

Ukifika hatua ya kupewa ofa, tuma hapa kwanza asilimia iliyoandikwa, kundi la mshahara na miaka waliyokuhesabia. Nitakupigia hesabu kwa kodi ya mwaka huo.