Wino Uliokauka kwa Kidole Haujakauka kwa Chakula

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja, mchapaji kijana ambaye ndiyo kwanza amepata kazi ya vifungashio vya chakula, aliniandikia akiuliza swali moja tu: "Mwalimu, nikinunua wino ulioandikwa kwamba unafaa kwa chakula, nitakuwa nimemaliza?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikaifuta. Nilipojaribu tena nilijikuta nalikumbuka boksi moja la biskuti ambalo hadi leo nimelihifadhi kwenye kabati la ofisini, na nikaona kwamba siwezi kumjibu kwa haki bila kusimulia habari za boksi hilo. Najua wengi wenu mnaonisoma mnazitamani kazi za chakula, kwa kuwa ndizo zinazojirudia mwezi hadi mwezi na ndizo zinazokijengea kiwanda jina. Kwa hiyo ninayomwambia yeye nawaambia na nyinyi.

Miaka michache iliyopita nilipata oda ya maboksi ya biskuti, oda kubwa kuliko zote nilizowahi kuzishika. Niliichapa kwa wino wa UV. Wino huu haukauki kwa hewa, bali huganda papo hapo unapopita chini ya taa ya miale ya urujuanimno, kwa msaada wa kemikali ndogo ambazo zikipigwa na miale huvunjika na kuanzisha mnyororo wa kuzifunga molekuli za wino pamoja. Uzuri wake ni kasi: karatasi inatoka mashineni ikiwa tayari kukatwa. Ubaya wake ni kwamba si kila chembe ya kemikali hiyo hutumika, na ile inayobaki haijafungwa na chochote. Inabaki imelala ndani ya wino, huru kuhama.

Taa zetu zilikuwa zimepitisha saa zake, na nililijua hilo. Hata hivyo zilikuwa zinawaka, na hakuna anayeweza kutofautisha kwa macho taa mpya ya zebaki na iliyochoka, kwa sababu kinachopungua ni miale ambayo jicho halioni. Nilichomoa karatasi moja, nikabonyeza kidole gumba juu ya sehemu yenye rangi nzito nyekundu, nikakizungusha kama nilivyofundishwa nilipokuwa msaidizi wa mashine, nikakitazama. Kilikuwa safi. Nikaamuru kazi iendelee. Maboksi bapa yakapangwa juu ya paleti, uso wa moja ukiubana mgongo wa lingine, yakakaa ghalani kwenye joto kwa siku kadhaa kabla ya kupelekwa kwa mteja. Sikuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu biskuti zenyewe zingekaa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki ya polipropilini, na mimi niliamini kwamba mfuko ni ngao.

Wiki ya tatu mteja alipiga simu kwamba biskuti zinanuka rangi ya ukuta.

Nilifanya jaribio ambalo watu wa chokoleti wamelitumia kwa miaka mingi, nami nawasihi mlijue. Unachukua chupa mbili safi za kioo zenye vifuniko. Katika moja unatia vipande vya boksi lililochapwa, katika nyingine vipande vya kadibodi ileile isiyochapwa. Ndani ya kila chupa unaweka chokoleti iliyokwanguliwa kwenye kisahani kidogo, isigusane na karatasi, kisha unafunga na kuziacha gizani kwa siku mbili. Mafuta ya chokoleti hunyonya harufu kuliko pua yoyote. Nilipofungua na kuonja ile ya kwanza, ladha yake ilikuwa kali na ya kemikali, ikabaki nyuma ya ulimi hata baada ya kunywa maji. Ile ya pili ilikuwa chokoleti tu. Mkuu wangu wa mashine alionja baada yangu, akaitema, akatoka nje bila kusema neno.

Maabara ilithibitisha kilichotokea: ndani ya biskuti kulikuwa na benzofenoni, mojawapo ya kemikali zile za kuanzisha ukaukaji, kwa kiasi kilichopita kikomo alichokiwekea mteja. Benzofenoni si jina geni. Tangu 2013 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi 2B, yaani vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Na haikuhitaji kugusana na biskuti. Ilitoka kwenye wino ikiwa mvuke, ikapenya kadibodi, ikapenya na ule mfuko niliouita ngao.

Usiku wa siku nilipopokea ripoti nilikaa na kalamu nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kuwasha mashine. Utaratibu wa Ulaya wa kukadiria huchukulia kwamba kilo moja ya chakula hugusana na eneo la desimeta 6 za mraba za kifungashio. Wino wa ofseti (uchapaji wa pleti bapa, kama tuliotumia) uliokauka, tuseme, ni gramu 1.5 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kwenye eneo hilo kuna miligramu 90 za wino. Ikiwa asilimia 5 ya wino huo ni kemikali ya kuanzisha ukaukaji, hizo ni miligramu 4.5. Ikihama yote, kilo ya chakula inabeba miligramu 4.5, ilhali kikomo cha benzofenoni kwenye kanuni za plastiki za Ulaya wakati huo kilikuwa miligramu 0.6. Mara saba na nusu. Si lazima yote ihame, lakini hesabu hii ya dakika tano ingenionyesha kwamba nilikuwa nategemea bahati.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kwenye faili langu mwenyewe. Hati ya msambazaji wa wino, ambayo niliisaini na kuipiga muhuri wa kupokelewa, ilisema katika ukurasa wa pili kwamba wino ule unafaa kwa vifungashio vya chakula "endapo kuna kizuizi kamili kati ya uchapaji na chakula." Kizuizi kamili maana yake ni kama karatasi ya alumini au kioo. Mfuko mwembamba wa polipropilini haumo. Niliusoma ukurasa wa kwanza tu. Mteja aliondoka, na barua yangu ya kuomba radhi haikujibiwa mpaka leo. Sijaacha kuumia.

Nimejifunza baadaye kwamba kosa langu lilikuwa na ndugu wakubwa. Mwezi Novemba 2005 mamlaka za Italia zilikamata kiasi cha lita milioni 30 za maziwa ya watoto wachanga baada ya kukuta ndani yake ITX, kemikali ya wino wa UV. Wino ulikuwa nje ya paketi kabisa, lakini karatasi ilipoviringwa katika roli, uso wa nje uliochapwa ulibanana na uso wa ndani ambao ungeshika maziwa. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilieleza kwamba, ingawa ITX haitakiwi kuwemo kwenye chakula, viwango vilivyokutwa havikuwa chanzo cha wasiwasi wa kiafya. Hata hivyo maziwa yalishaondolewa madukani. Mwaka 2009 ikawa zamu ya nafaka za kifungua kinywa nchini Ujerumani na Ubelgiji, ambamo ilikutwa methilibenzofenoni, ndugu wa benzofenoni, iliyotoka kwenye boksi na kupita mfuko wa ndani, vilevile kama yangu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kuuliza kama wino uko salama. Hakuna usalama ndani ya kopo. Usalama unapatikana, au unapotea, pale wino, karatasi, taa, joto la ghala, aina ya chakula na muda wa kukaa rafuni vinapokutana, na wewe mchapaji ndiye pekee unayeviona vyote kwa pamoja. Muulizeni mteja ndani ya boksi kutakuwa na nini. Chakula chenye mafuta hunyonya kuliko kikavu, na kitakachopashwa moto kikiwa ndani ya kifungashio ni jambo jingine kabisa. Muulizeni msambazaji hati, na muisome hadi mwisho. Kisha pimeni. Wino wa uhamaji mdogo, ambao molekuli zake zimefanywa kubwa, mara nyingi zaidi ya daltoni 1,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) ili hata zikifika tumboni zisifyonzwe kirahisi, ni ghali zaidi na unadai taa nzima na mashine iliyosafishwa mabaki ya wino wa kawaida. Tumieni huo, na bado pimeni. Someni hati, halafu pimeni.

Wengi huniuliza kuhusu wino wa soya kana kwamba mmea umeshamaliza kesi. Mafuta ya mimea hukauka kwa kuungana na oksijeni, na katika kuungana huko hutoa aldehidi zenye harufu inayohamia kwenye chakula. Asili ya mafuta haisemi chochote kuhusu kinachohama.

Lipo jambo la pili ambalo sikuliona hadi maboksi yale yaliporudi. Nilidhani yakishapelekwa kwa warejelezaji hadithi yangu na wino wangu imekwisha. Mrejelezaji alinieleza kwa upole kwamba wino wa UV, kwa kuwa umeganda kama plastiki, huvunjikavunjika kuwa vidoa vinavyoonekana kwenye karatasi mpya. Wino wa maji nao, ambao wengi tunausifu, unaweza kuvunjika kuwa chembe ndogo zinazopenda maji, zikakataa kushikana na mapovu yanayotumika kuuondoa, zikaipaka rangi rojo nzima ya karatasi. Kwenye plastiki, wino wenye nitroselulosi, yaani gundi inayoishikilia rangi, ukiyeyushwa upya huungua, ukabadilika rangi na kutoa gesi, na ndiyo maana chembechembe nyingi za plastiki iliyorejelezwa hutoka za kijivu au kahawia.

Ubaya zaidi ni kwamba wino uliotupwa hurudi mezani. Wino wa magazeti haugandi; mafuta yake ya madini hunywewa na karatasi na kubaki humo. Gazeti likirejelezwa kuwa kadibodi, mafuta hayo yanakuja nalo, na watafiti wa maabara ya jimbo la Zurich walionyesha jinsi yanavyopanda kama mvuke kutoka kwenye boksi hadi kwenye vyakula vikavu. Baadhi ya sehemu za mafuta hayo hujilimbikiza mwilini, na nyingine zinashukiwa kuharibu vinasaba. Mfuko wa polithini hauyazuii. Ufaransa imepiga marufuku mafuta ya madini katika wino wa vifungashio tangu Januari 2022, na naona ilikuwa sahihi, kwa sababu hakuna mtengenezaji wa biskuti awezaye kusafisha kadibodi aliyoipokea. Anayeweza kuzuia ni yule anayechagua wino mwanzoni, yaani sisi.

Vilevile hewa. Katika uchapaji wa fleksografia (wa pleti laini za mpira) na graviua (wa silinda zilizochongwa) kwa wino wa viyeyusho, sehemu kubwa ya kinachotiwa mashineni si rangi bali ni kiyeyusho kama ethanoli au asetati ya ethili, ambacho karibu chote huondoka kuwa mvuke. Kisipokamatwa na kuteketezwa, huchangia kutengeneza ozoni, gesi inayodhuru mapafu, karibu na ardhi juani, na kabla ya hapo hupitia mapafu ya mtu anayesimama pale mashine inapotolea kazi. Nimefanya kazi na watu waliolalamika kuumwa kichwa kila jioni, tukawaambia wanywe maziwa. Naona haya kuliandika hili, lakini tulifanya hivyo.

Nilimwandikia yule kijana haya yote, kwa urefu kuliko alivyotarajia. Juzi alinitumia picha ya hati ya wino aliokusudia kununua. Niliikuza ukurasa wa pili, na sentensi ileile ya kizuizi kamili ilikuwa pale, mstari wa nne kutoka chini. Kazi yake ni ya vitafunwa vyenye mafuta. Nimemwomba asitengeneze pleti za kuchapia hadi mteja amwambie mfuko wa ndani ni wa plastiki gani, na nimempelekea chupa mbili za kioo.