Kabla hujamwita mtu mwongo, angalia bei uliyoiweka kwenye ukweli

Mimi ni katibu wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Chang'ombe, Dodoma mjini. Kazi ya ukatibu, ukiacha kuandika hisa na marejesho, ni kusikiliza sababu. Sababu za kuchelewa, sababu za kutokuja, sababu za mkopo kutorudi. Mtoto kalazwa, simu imeibiwa, mume kasafiri na funguo za sanduku. Tuna mwanachama ambaye shangazi yake wa Bahi alifariki mara mbili, na mara zote mbili tulimtolea rambirambi kutoka mfuko wa jamii, maana nani atathubutu kuomba cheti cha kifo cha shangazi wa mwenzake?

Ndiyo maana mtu akiniuliza kwa nini watu wanadanganya, siendi mbali kutafuta jibu. Nalitafuta kwenye katiba yetu ya zamani.

Katiba ile ilikuwa kali. Ukichelewa kikao, faini. Ukikosa rejesho, faini, halafu unasimama mbele ya wenzako ujieleze, na kikundini wapo wenye ulimi wa kukuchuna ngozi ukiwa hai. Msiba, lakini, ulikuwa na msamaha. Ugonjwa pia. Sasa tazama tulichokijenga kwa mikono yetu. Aliyesema "jamani, biashara ya mboga imelala wiki hii, sina" alilipa faini na kuaibika. Aliyesema "nimefiwa" alipewa pole na mchango juu. Ukweli tuliutoza ushuru, uongo tukaupa ruzuku, halafu tukakaa chini ya mwarobaini kushangaa misiba imekuwa mingi.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyesema tugeuze. Sasa mwenye kukwama anampigia mweka hazina kabla ya siku ya kikao, rejesho linasogezwa wiki moja bila faini, na hasimamishwi mbele ya mtu. Mwenye msiba anapewa rambirambi kama zamani, ila zinapelekwa na wanachama wawili wanaokwenda kukaa matangani. Huwezi kuamini jinsi afya za mashangazi zilivyoimarika. Madeni hayajapungua sana, nisikupambie. Lakini tunajua nani hana na kwa nini hana, na kikundi kisichojua hilo hakifiki siku ya kuvunja kikagawana kwa amani.

Hapo ndipo nilipopata msimamo wangu, nao ni huu: uongo mwingi wa kila siku hauanzi na roho mbaya. Unaanza na hesabu ya haraka kichwani, kwamba nikisema kweli nitapoteza nini. Na bei hiyo mara nyingi haipangi msemaji, anaipanga msikilizaji.

Tazama watoto. Mtoto huanza kudanganya akiwa na miaka miwili hadi minne hivi, akishagundua kwamba mama hawezi kuona yaliyomo kichwani mwake. Hiyo ni akili inakua, wala si laana. Linalofuata hapo ndilo letu. Wanasaikolojia Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha mwaka 2011 utafiti wa shule mbili za Afrika Magharibi: moja ya viboko, makofi na kufinywa, nyingine isiyotumia adhabu za mwili. Watoto wa miaka 3 na 4 waliachwa chumbani na kichezeo nyuma yao, wakaambiwa wasigeuke. Wengi wa shule zote mbili waligeuka, mtoto ni mtoto. Walipoulizwa, wale wa shule ya viboko karibu wote walikana, na wakajua kuulinda uongo wao kwa maswali yaliyofuata. Wa shule ya pili waliokana walizidi nusu kidogo tu. Fimbo haikuwafundisha kusema kweli. Iliwafundisha kudanganya vizuri.

Nakumbuka nyumba nyingi ninazozijua ambako kikombe kikivunjika kinachofuata ni "nani kavunja?" kwa sauti ya kutetemesha bati, na mwiko mkononi. Unategemea ajitokeze nani? Na mzazi huyohuyo jioni mdai akibisha hodi anamwambia mtoto, "Mwambie mama hayupo."

Kuna watakaosema wao hawadanganyiki, wanamjua mwongo kwa macho. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za watu wanaojaribu kutambua uongo bila msaada wowote, wakakuta wanapatia mara 54 hivi katika 100. Rusha sarafu uone utapata ngapi. Huku kwetu kipimo cha macho kina ubovu wa ziada, kwa sababu mtoto aliyelelewa vizuri, iwe ni kwa Wagogo au kwa Warangi, haangalii mkubwa usoni anapokemewa. Anaangalia chini kwa adabu, wewe unasema "umeona, anaficha!" Nimeshuhudia msichana wa kazi akifukuzwa kwa kuangalia chini, na hela ikaja kuonekana ndani ya mto wa kochi.

Sitaki nionekane nawatetea waongo wote. Upo uongo ambao hauna woga wala aibu ndani yake, ni wizi tu uliovaa shati. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa vishindo mwaka 2016, kila kichaka kati ya Nzuguni na Mtumba kina dalali wake. "Mama, hapa lami inapita mwakani." "Kimepimwa, hati iko njiani." Dalali huyu hajabanwa na mtu yeyote, ukweli haumgharimu aibu, unamgharimu kamisheni. Kwa mtu wa namna hii usihangaike na saikolojia. Nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, ongea na mwenyekiti wa mtaa, ongea na mwenye shamba wa jirani, tena nenda mwenyewe bila dalali pembeni. Na muuza nyanya anayepanga nzuri juu ya tenga na zilizooza chini, huyo naye hajasema neno hata moja la uongo, lakini dawa yake ni ileile: pindua tenga.

"Niko njiani" ya simu naiacha ipite. Ukimsikia mtu anasema yuko Sabasaba na nyuma yake jogoo wanawika, nyote wawili mnajua bado anatafuta viatu.

Uongo unaonisumbua zaidi ni ule wa huruma. Baba yangu mdogo wa Mpwapwa aliumwa tumbo muda mrefu, mwishowe akapewa rufaa ya Ocean Road, Dar es Salaam. Wazee wa ukoo walikaa wakaamua asiambiwe, aambiwe ni vidonda vya tumbo. Sasa Mtanzania gani mtu mzima asiyejua Ocean Road wanatibu saratani? Mzee aliuliza mara moja, "Hivi vidonda vya tumbo siku hizi vinatibiwa Ocean Road?" Akatazama nyuso zilizomzunguka, akabadilisha mazungumzo, akauliza kama mvua zimeanza kijijini.

Baada ya maziko jirani yake alitueleza kwamba mzee alijua tangu siku alipopewa ile karatasi. Alikuwa anatuficha kwamba anajua, tusiumie. Kwa hiyo miezi yake ya mwisho ilipita sisi tunamwigizia yeye, yeye anatuigizia sisi, na hakuna aliyepata nafasi ya kusema la maana. Shamba la karanga lilibaki bila maelekezo kwa sababu huwezi kumuuliza mtu mwenye vidonda vya tumbo shamba lake agawiwe nani. Watoto wa mke mkubwa na wa mke mdogo wamefikishana hadi baraza la ardhi, na mpaka leo kwenye harusi wanakaa hema tofauti.

Wazee hawakuwa na ubaya. Ila ukipima vizuri, uongo ule ulitusaidia sisi, tusilie mbele yake. Yeye haukumsaidia chochote. Tangu hapo mtu akija kuniomba ushauri juu ya mgonjwa, simwambii "mwambie" wala "mfiche". Namwambia amuulize mgonjwa mwenyewe: "Baba, majibu yametoka. Unataka ukae na daktari akueleze yote, au unataka tumsikilize sisi kwanza?" Wapo watakaosema "sikilizeni ninyi", na hiyo ni haki yao. Lakini wamechagua wao.

Je, hakuna uongo unaokubalika? Upo. Jirani yangu mmoja alifungua geti usiku akakutana na mwanamume mwenye panga anamtafuta mkewe, na mke yuko stoo nyuma ya magunia ya mkaa. Jirani akasema bila kupepesa, "Kapita hapa mbio, kaelekea Majengo." Mwanamume akaelekea Majengo. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako kajificha wapi, huna haki ya kumdanganya. Namheshimu, lakini hakuwa pale getini usiku ule. Mimi nipo upande wa wale wakunga wa kitabu cha Kutoka, Shifra na Pua, waliomweleza Farao kwamba wanawake wa Kiebrania huzaa kabla mkunga hajafika. Alikuwa ameagiza watoto wa kiume wauawe, nao wakampa hadithi. Biblia inasema Mungu aliwatendea mema.

Lililonivutia kwa jirani yangu ni alichofanya kesho yake. Alimsindikiza yule mama Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, akatoa maelezo, na uongo wake akauweka mlemle ndani neno kwa neno. Hakuwa na cha kuficha. Nimekichukua kuwa kipimo changu: uongo unaoweza kuusimulia kesho mchana mbele ya watu, na yule uliyemlinda akakushukuru, huo naukubali. Ule unaohitaji uongo wa pili kuulinda, na wa tatu kuulinda wa pili, nauogopa hata kama ulianza kwa mapenzi.

Majirani zangu Waislamu kutoka Kondoa wananikumbusha kwamba katika hadithi za Mtume kuna mlango mdogo umeachwa wazi, na mojawapo ya hali zinazotajwa ni kupatanisha watu waliogombana. Nimemwona mzee mmoja akiufanyia kazi. Alikwenda kwa ndugu wa kwanza, "Mwenzako anakutaja kwa wema." Akavuka barabara kwa ndugu wa pili na maneno yaleyale. Hakuna aliyekuwa amemtaja mwenzake kwa wema. Jumapili walikula pamoja.

Na hapa namkumbuka baba, aliyekuwa mwana-TANU wa damu, akikariri ile ahadi: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Utotoni niliona hivyo ni vitu viwili. Ukubwani nimeona kwa nini vimewekwa pamoja, maana fitina nyingi ninazozijua zimejengwa kwa ukweli mtupu. "Nilimwona mumeo Makole anakunywa soda na fulani." Kweli alikuwepo, kweli alikunywa soda. Msema kweli wa namna hiyo ameharibu nyumba nyingi kuliko shangazi wa Bahi.

Sasa kwa wewe unayedanganywa nyumbani, na ambaye umesoma mpaka hapa ukisubiri nikwambie la kufanya. Nina moja ninalolisisitiza kwa wenzangu: kama umeshajua, usiulize. Swali ambalo jibu lake unalo mfukoni si swali, ni mtego, na ukimtegea mtu atadanganya, kisha mtakuwa na makosa mawili badala ya moja. Sema unachokijua, halafu uliza usichokijua.

Mwenzangu mmoja aliona kwenye simu ya mumewe ujumbe wa wale wa kausha damu, mikopo ya riba kubwa. Zamani angesema, "Baba Neema, hivi wewe una deni lolote?" na angejibiwa hapana. Safari hii alisema, "Baba Neema, nimeona ujumbe wa wale watu. Tunadaiwa ngapi?" Alisema *tunadaiwa*, nilimsifu sana kwa hilo. Mume akataja laki nne. Hakupigiwa kelele, aliwekewa chakula. Kabla ya kulala akataja na mkopo wa pili, laki sita na nusu, alioukopa kulipia ule wa kwanza. Mwenzangu aliniambia hapo ilibidi atoke nje kwanza akapumue. Kisha akarudi, wakaandika jumla nyuma ya daftari la mtoto, na Jumatatu wakaenda wote wawili kwa mkopeshaji kuomba riba isimame.