Nimeambiwa niuze vyerehani nimfuate Mungu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili, ni fundi cherehani hapa Morogoro. Kwenye mkesha wa mwezi uliopita mhubiri mgeni aliniita mbele, akasema Mungu ananiita kwenye huduma: niuze vyerehani vyangu viwili, nitoe sadaka ya kujimaliza, kisha nisubiri mlango ufunguke. Mume wangu ni kibarua wa ujenzi, kazi zake za kubahatisha, na sijamwambia. Mnunuzi nimeshampata. Kuna mabinti wawili ninawafundisha kushona, mmoja alifukuzwa kwao alipopata mimba, ila hao naweza kuwaaga. Usiku silali. Naogopa nisije nikawa kama Yona.*
*Fundi mwenye hofu*

Marahaba, mwanangu. Huyo mnunuzi mwambie asubiri, halafu tuongee.

Yona alitajiwa mji, Ninawi, na kazi ya kufanya huko. Alijua barabara anachokikimbia, ndiyo maana akapanda meli ya Tarshishi. Wewe hujaambiwa uende wapi wala ukaseme nini. Kilichonyooka katika ujumbe wako ni kimoja tu: uza, toa. Hapo mimi ningekaa chini kwanza.

Utanijibu kwamba Elisha naye, alipoitwa na nabii Eliya, alichinja ng'ombe wake. Ni kweli, tena vyombo vya kulimia ndivyo vilivyokuwa kuni. Lakini fungua tena 1 Wafalme 19 uisome taratibu. Aliomba kwanza akawaage baba na mama, hakuondoka kwa kificho. Na nyama walipewa watu wakala. Sioni mahali Eliya alipofungiwa paja la kuondoka nalo.

Ukimaliza, rudi nyuma sura chache, ya 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alikuwa ameagizwa na Bwana asile wala asinywe kule Betheli. Nabii mzee akamfuata njiani, akamwambia malaika amesema naye, twende kwangu ukale. Biblia inasema wazi kwamba mzee yule alimdanganya. Mgeni akala, na akiwa njiani kurudi simba akamuua. Simwiti mhubiri wako tapeli, simjui. Ila Paulo aliyewaandikia Wathesalonike wasidharau unabii, palepale aliwaambia wajaribu mambo yote. Kuuliza si kuasi. (Mimi nikiwa kwaya nilitabiriwa kuolewa na mchungaji. Mwaka wa ngapi huu naishi na fundi baiskeli, na sijaona pepo wala nzige.)

Sasa nikuambie kilichonishtua katika barua yako. Huyo binti aliyefukuzwa kwao umempa nusu sentensi, halafu ukaongeza kwamba unaweza kumuaga. Unatafuta huduma wakati amekaa kwenye benchi lako, anatoa vifungo kwenye mashati ya mitumba ajifunze kuvirudisha! Nani mwingine mtaani alimfungulia mlango? Pale Yafa, Dorkasi alipofariki, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea, huku wakilia. Kitabu cha Matendo kinamwita mwanafunzi, na sijasoma popote kwamba aliwahi kushika madhabahu. Paulo mwenyewe alishona mahema kule Korintho pamoja na Akila na Prisila, na Injili haikusimama.

Huenda Mungu anakuita kweli kwenye kuhubiri, siwezi kulikataa hilo. Lakini Samweli aliitwa mara nne usiku mmoja, mara tatu za kwanza akamkimbilia kuhani mzee Eli akidhani ni yeye, na Mungu hakumchoka. Wito wa kweli hauna tarehe ya mwisho kama mnada. Na Samweli hakuelewa peke yake. Mzee ndiye aliyemsaidia kuitambua sauti.

Kwa hiyo leo, mume akishakula, mweleze yote, hata habari ya mnunuzi. Atakasirika kidogo kwamba umemficha, mwache akasirike. Jumapili mtafute mchungaji wako, yule anayewajua wanao kwa majina, na mama mmoja wa kanisani asiyependa maneno mengi. Waombe muombe pamoja kwa miezi kadhaa. Kama una hamu ya kulisema Neno, omba zamu kwenye ibada za nyumba kwa nyumba. Hapo hutahitaji kuuza hata sindano.

Sare za Januari zinakuja, na vyerehani viwili vitakuwa vichache. Huyo binti ameshafika kwenye kola, au bado anahangaika na mapindo? Niandikie.